Kura ya Mjumbe Haipaswi Kuwa Siri

Mwishoni mwa Novemba 2006 Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo wakati ule ilikuwa bado inafanya kazi ndani ya majengo ya Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Arusha, ilitoa amri ya muda iliyozuia watu tisa kutoka Kenya wasitambuliwe kuwa wabunge wa Bunge la Afrika Mashariki. Bunge hilo lilikuwa lizinduliwe siku chache tu baadaye. Profesa Peter Anyang' Nyong'o na wenzake walikuwa wamelalamika kwamba majina ya watu hao yalitoka kwenye vyama, yakapita katika kamati inayopanga shughuli za Bunge la Kenya, kisha yakatumwa Arusha kana kwamba wabunge wa Kenya wamekaa wakapiga kura, ilhali hawakupiga. Hukumu ilitolewa tarehe 30 Machi 2007, na majaji wakakubaliana na walalamikaji: Ibara ya 50 ya Mkataba wa Jumuiya inalitaka Bunge la kila nchi lichague wajumbe wake, na orodha iliyopitishwa kamatini haiwezi kushika nafasi ya uchaguzi. Kwa sababu ya shauri hilo, Bunge la pili la Afrika Mashariki halikuzinduliwa hadi Juni 2007.

Ninaishi Moshi na nimefundisha uraia kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi. Shauri hilo nimelipeleka darasani mara nyingi kuliko jingine lolote, kwa sababu liliamuliwa karibu na nyumbani na kwa sababu linamlazimisha mwanafunzi kufikiri uchaguzi ni nini hasa. Swali ambalo limebaki nami liliulizwa na msichana mmoja aliyekuwa amekaa kimya kipindi kizima: "Mwalimu, kama wabunge wale wangepewa karatasi na sanduku, wakapiga kura ya siri, mambo si yangekwisha?" Jibu langu ni kwamba mahakamani huenda yangekwisha, lakini kwa mwananchi yasingekwisha.

Tanzania haina baraza la juu la bunge, na Bunge la Afrika Mashariki si seneti. Hata hivyo namna wajumbe wake wanavyopatikana, yaani watu wachache waliokwisha kuchaguliwa kukaa na kuwachagua wengine, ndiyo namna ambayo mabaraza mengi ya juu duniani hujazwa. Ndivyo ilivyo kwa maseneta wa Kongo, kwa sehemu ya maseneta wa Rwanda, na kwa Rajya Sabha ya India, na ndivyo ilivyokuwa kwa Seneti ya Marekani mpaka mwaka 1913. Kwa hiyo kila tunapozungumzia haki na uwazi katika uchaguzi wa baraza la juu, tunazungumzia chumba chenye wapiga kura wachache ambao hawajipigii kura wao wenyewe. Ninachokitetea ni hiki: siri ya kura ni haki ya mwananchi, na mtu anayepiga kura kwa niaba ya mwananchi hana haki ya kujifunika kwa siri hiyo hiyo.

Siri ya kura ilikuja ili mnyonge asitishwe na mwenye nguvu. Mpangaji alipiga kura mbele ya mwenye shamba, mfanyakazi mbele ya mwajiri, na mdaiwa mbele ya mdai wake. Ilipokuja karatasi ya siri, mwenye shamba hakuweza tena kujua mpangaji wake amekwenda wapi. Mwananchi wa Majengo au wa Pasua anapoingia kwenye kituturi siku ya uchaguzi, kura iliyo mkononi mwake ni mali yake. Hakutumwa na mtu, wala hawajibiki kumweleza mtu. Diwani, mbunge wa jimbo au mbunge wa taifa anayemchagua seneta yuko katika hali tofauti kabisa, kwa kuwa amefika pale kwa sababu maelfu ya watu walimtuma, na uamuzi anaoufanya siku hiyo si wake zaidi ya vile bajeti anayoipitisha ilivyo yake. Hatukubali mbunge apige kura ya siri juu ya kodi zetu. Sioni kwa nini tukubali apige kura ya siri juu ya nani atakaa katika baraza litakalozipitia upya kodi hizo.

Hoja hii sikuisoma kwanza kitabuni. Baba yangu alikuwa mkulima wa kahawa upande wa Kibosho, na kwa miaka kadhaa alikuwa mjumbe wa chama cha msingi kwenye mkutano mkuu wa chama cha juu yake, ambako wajumbe ndio waliochagua bodi. Wakulima waliwachagua wajumbe, wajumbe wakaichagua bodi, na bodi ndiyo iliyoamua mkulima atalipwa lini. Mwaka mmoja malipo yalichelewa sana, na ilijulikana kijijini kwamba bodi iliyokuwa ikilaumiwa ilikuwa imerudishwa madarakani na wajumbe wale wale waliokuwa wakilalamika barabarani. Jioni moja wazee walikuja nyumbani. Mmoja wao, mkubwa kwa umri kuliko baba, alimuuliza bila kupandisha sauti: "Mjumbe, kura ile tulikupa sisi. Umeipeleka kwa nani?" Baba alijibu kwamba kura ilikuwa ya siri. Mzee akasema, "Siri kwa bodi sawa. Na kwetu pia?" Baba alinyamaza muda, kisha akataja majina yote aliyoyachagua, mmoja mmoja, na akaeleza sababu. Wazee hawakukubaliana naye kwa majina mawili, wakabishana mpaka usiku, lakini mwaka uliofuata walimtuma tena. Wajumbe wa vijiji vingine, waliokaa kimya, hawakuaminiwa tena hata pale ambapo pengine walikuwa wamechagua vizuri. Tangu hapo sijaweza kuusikia msemo wa mjumbe kwamba "kura ni siri" bila kujiuliza siri hiyo inafichwa kwa nani.

Mfano ulio wazi kuliko yote katika eneo letu ni wa Kongo. Seneti ya nchi hiyo ina viti 108 vya kuchaguliwa: kila jimbo kati ya majimbo 26 hupata viti vinne, isipokuwa Kinshasa ambayo hupata vinane, na wanaochagua ni wabunge wa mabunge ya majimbo. Nchi yenye makumi ya mamilioni ya wapiga kura inapata maseneta wake kutoka kwa watu wasiofika elfu moja. Katika jimbo dogo, kura za watu wachache mno zinatosha kumpeleka mtu Kinshasa kwa miaka mitano, akiwa na mshahara, kinga na heshima ya cheo. Uchaguzi wa Machi 2019 ulipokaribia, baadhi ya wagombea walijitoa na wengine wakasema hadharani kwamba wabunge wa majimbo walikuwa wakidai maelfu ya dola ili wawape kura. Matokeo yalipotoka, muungano wa Rais aliyeondoka, Joseph Kabila, ulikuwa umechukua sehemu kubwa mno ya viti, na chama cha Rais mpya, Félix Tshisekedi, kilipata viti vichache kupita kiasi hata ukilinganisha na idadi ya wabunge kilichokuwa nao majimboni. Wafuasi wake waliingia barabarani Kinshasa na Mbuji-Mayi, na waliowatuhumu kwanza walikuwa wabunge wao wenyewe. Tarehe 18 Machi Rais alisimamisha kuapishwa kwa maseneta ili tuhuma za rushwa zichunguzwe, na uchaguzi wa magavana, ambao nao hufanywa na wabunge hao hao, ukaahirishwa. Baadaye zuio liliondolewa na maseneta wakaketi.

Ninaomba msomaji atulie hapa kidogo, kwa sababu ndipo siri inapoonyesha sura yake. Chama kilijua kwamba kimesalitiwa, maana hesabu za kura hazikulingana na hesabu za viti, lakini hakikuweza kusema nani amekisaliti. Mbunge mwaminifu na mbunge aliyepokea bahasha walitoka katika ukumbi mmoja na sura moja. Aliyeuza kura alilindwa, na aliyekataa fedha hakuwa na namna yoyote ya kujitetea mbele ya vijana waliokuwa wakichoma matairi mtaani kwake. Kwa mwananchi aliyekuwa amempigia kura mbunge huyo miezi michache tu kabla, hakuna alichoweza kukifanya katika uchaguzi uliofuata, kwa kuwa hakujua amwadhibu nani na amtunze nani.

Najua jibu ambalo mtu makini atanipa, na ni jibu zito. Atasema kwamba kura ya siri ndiyo inayoua biashara ya kura, kwa kuwa mnunuzi hawezi kuhakikisha kwamba mali aliyoilipia ameletewa, na kwamba ukiiweka kura wazi umempa mnunuzi stakabadhi yake. Kwa wapiga kura milioni moja hoja hiyo ni ya kweli. Kwa wapiga kura ishirini na tano ndani ya chumba kimoja haina nguvu hiyo. Mnunuzi akijua idadi ya watu aliowalipa na kura zikapungua moja, ana namna ya kuwabana wote mpaka apatikane aliyepungua. Karatasi hupigwa picha kwa simu. Pale ambapo mpiga kura anapanga wagombea kwa namba, mnunuzi anaweza kumpa kila mtu wake mpangilio wa pekee wa majina ya chini, kisha akausubiri wakati wa kuhesabu, na hivyo karatasi isiyo na jina ikamtaja mwenyewe. Kwa hiyo katika chumba kidogo siri ya kura haimfungi mnunuzi macho. Anayeachwa gizani ni mtu aliye nje ya chumba, yaani yule ambaye kura ni yake.

Wamarekani walilipitia jambo hili kwa upande wa pili, na historia yao inastahili kusomwa kwa haki, kwa sababu haikubaliani na mimi moja kwa moja. Katiba yao ya awali iliwapa mabunge ya majimbo kazi ya kuwachagua maseneta, na sheria ya mwaka 1866 iliagiza kura hiyo ipigwe kwa sauti, kila mbunge akitaja jina la anayemchagua. Kura ilikuwa wazi, na rushwa ilikuwepo. Mwaka 1899 huko Montana tajiri wa migodi ya shaba, William A. Clark, alichaguliwa kuwa seneta baada ya mjumbe mmoja, Fred Whiteside, kusimama mbele ya bunge la jimbo na kuonyesha dola 30,000 ndani ya bahasha, akisema zilitolewa kununua kura. Clark alichaguliwa hata hivyo. Lakini kwa kuwa kura zilitajwa kwa sauti, kila mtu aliweza kuona nani aligeuka, siku gani aligeuka, na ni nani kati ya waliogeuka alilipa madeni yake ghafla. Kamati ya Seneti mjini Washington ilichunguza, ikawahoji watu, ikapendekeza kwa kauli moja kwamba uchaguzi wake usitambuliwe, na Mei 1900 Clark akajiuzulu kabla ya Seneti kupiga kura juu yake. Kura ya wazi haikuzuia rushwa, lakini iliacha nyayo ambazo mchunguzi aliweza kuzifuata. Kongo mwaka 2019 nyayo hizo hazikuwepo.

Clark, ni haki kuongeza, alirudi Seneti mwaka 1901, akichaguliwa na bunge jipya la Montana. Delaware nayo ilikaa kuanzia mwaka 1901 hadi 1903 bila seneta hata mmoja, kwa sababu bunge lake lilishindwa kuelewana. Wamarekani walichoka. Mwaka 1913 walibadilisha Katiba kwa Marekebisho ya 17 na kuwapa wananchi wenyewe kazi ya kuwachagua maseneta, na huo ndio ushahidi mkubwa kwamba dawa ya kwanza ya chumba chenye watu wachache ni kuongeza watu. Ufaransa ilichukua njia ya katikati: maseneta wake 348 huchaguliwa na wapiga kura maalumu wapatao 162,000, wengi wao wakiwa wajumbe wa mabaraza ya miji na vijiji, na asiyepiga kura bila sababu ya msingi hutozwa faini. Kununua watu 162,000 si kazi nyepesi. Uingereza, ambako baraza la juu kwa sehemu kubwa halichaguliwi kabisa, mwaka 2016 ulifanyika uchaguzi mdogo wa kujaza nafasi moja ya warithi wa vyeo katika Baraza la Malodi, na wapiga kura walikuwa watatu ilhali wagombea walikuwa saba. Kura zote tatu zilimwendea mtu mmoja. Sina la kuongeza juu ya uchaguzi wa namna hiyo.

India ndiko ambako mawazo yangu mwenyewe yamepata mtihani mkali. Wabunge wa mabunge ya majimbo ndio wanaowachagua wajumbe wa Rajya Sabha, na baada ya miaka mingi ya malalamiko ya kura kuuzwa, sheria ilibadilishwa mwaka 2003 ili kura hiyo iwe ya wazi. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya India iliyathibitisha mabadiliko hayo. Ukisikia hivyo utadhani nimepata nchi inayonikubalia. Lakini uwazi uliowekwa ni wa ajabu: mbunge huonyesha karatasi yake kwa wakala wa chama chake tu kabla ya kuitumbukiza. Chama kinaona, mwananchi haoni. Agosti 2017, katika uchaguzi wa Gujarat, wabunge wawili wa chama cha Congress waliwaonyesha karatasi zao watu wa chama pinzani, na usiku ule wanasheria wa pande zote mbili wakakimbilia Tume ya Uchaguzi mjini Delhi. Tume iliangalia picha za video, ikazifuta kura hizo mbili, na Ahmed Patel akashinda kwa kura 44 alizozihitaji. Taifa zima lilikesha likijadili nani amemwonyesha nani karatasi, kana kwamba swali kubwa ni jicho la chama kipi lina haki ya kuiona, na si kwamba wananchi wa Gujarat walistahili kuiona kuliko chama chochote. Mimi naliita hilo uwazi uliogeuziwa mlango. Ukimpa kiongozi wa chama macho na ukamnyima mpiga kura, umemwongezea nguvu mtu ambaye tayari alikuwa nazo.

Hata hivyo India imefanya mawili ambayo ningependa tuyaige. Mahakama yake ya Juu ilieleza katika uamuzi ule wa 2006 kwamba mbunge anayempigia kura mgombea wa chama kingine katika uchaguzi wa Rajya Sabha hapotezi kiti chake kwa sababu hiyo peke yake. Na Machi 2024 mahakama hiyo ikaamua kwamba mbunge aliyepokea hongo ili apige kura fulani, ikiwemo kura ya kumchagua mjumbe wa Rajya Sabha, hawezi kujificha nyuma ya kinga ya bunge. La kwanza linamlinda mwenye dhamiri, la pili linamwacha wazi mwenye bei. Haya mawili yakienda pamoja na kura inayoonekana na umma, sehemu kubwa ya hofu juu ya kura ya wazi inakosa msingi.

Hofu yenyewe siidharau. Kwetu Tanzania mbunge anayefukuzwa uanachama hupoteza ubunge wake, na kwa hiyo mtu anaweza kusema kwamba kura ya wazi itawafanya wabunge wote wapige kura kama wanavyoagizwa na makatibu wa vyama vyao. Ni kweli, kama sheria itabaki ilivyo. Lakini dawa ya ubabe wa chama ni kuuwekea chama mpaka: sheria itamke kwamba hakuna mbunge atakayevuliwa uanachama wala kiti kwa sababu ya kura aliyompigia mgombea wa baraza la juu au wa Bunge la Afrika Mashariki. Kuifunika kura ili mbunge aweze kumdanganya kiongozi wake kuna gharama kwamba atatudanganya na sisi pia. Na pale ambapo mtu anaweza kuuawa au kufungwa kwa sababu ya kura yake, nakubali kwamba siri ina nafasi yake mpaka amani irudi, ila katika nchi ya namna hiyo uchaguzi wa seneti si tatizo la kwanza.

Kuna upande mwingine wa haki ambao uwazi peke yake hauumalizi, nao ni swali la nani amchagulie nani. Ibara ya 50 ya Mkataba inataka wajumbe tisa wa kila nchi wawakilishe, kadiri inavyowezekana, vyama vilivyomo bungeni, mitazamo mbalimbali, jinsia na makundi maalumu. Katika Bunge lenye chama kimoja chenye wingi mkubwa, maana yake ni kwamba wabunge wa chama hicho ndio wanaoamua hata mjumbe wa upinzani awe nani. Mwaka 2012 Anthony Komu, ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Moshi Vijijini, alifungua shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki akipinga namna Bunge letu lilivyoendesha uchaguzi wa Aprili mwaka huo. Aprili 2017 Chadema ilipeleka Dodoma majina mawili kwa nafasi zake mbili, Lawrence Masha na Ezekia Wenje, na kura za hapana zikawa nyingi kuliko za ndiyo kwa wote wawili. Mwezi uliofuata chama kikapeleka majina mengi zaidi, na Bunge likawachagua Pamela Massay na Josephine Lemoyan. Simsemi vibaya yeyote kati ya hao wanne. Ninachosema ni kwamba kundi la wachache lina haki ya kusemewa na mtu ambaye lenyewe limemwamini, na mtu anayehitaji kura za wapinzani wake ili awawakilishe wenzake ataanza kazi akiwa na madeni mawili. Njia ya haki zaidi ingekuwa kila kundi bungeni kupewa nafasi kwa uwiano wake na kuwachagua watu wake lenyewe, kwa kura ya majina, mbele ya umma.

Hapo sharti la mbele ya umma halipaswi kuachwa, kwa sababu kundi likiachiwa kuteua gizani tunarudi kule kule Kenya ilikokuwa mwaka 2006. Seneti ya Kenya ya sasa, iliyoundwa na Katiba ya 2010, ina maseneta 67: 47 wanachaguliwa moja kwa moja na wananchi wa kaunti, na 20 wanaobaki, yaani wanawake 16, vijana wawili na watu wawili wenye ulemavu, wanatoka katika orodha za vyama. Mwananchi wa Taita Taveta, hapo ng'ambo ya mpaka wetu wa Holili, anamjua seneta wa kaunti yake na anajua alipataje kura. Wale wa orodha anawasikia baadaye. Sisi tuna viti maalumu, na mgogoro wa wabunge 19 walioapishwa Novemba 2020, huku chama chao kikisema hakikuwateua, ulitufundisha kwamba orodha inayopita kati ya chama na tume bila umma kuiona kwa wakati ni mwanya ambao ugomvi utaingia siku yoyote.

Pale ambapo wananchi wenyewe wanamchagua seneta, mambo hugeuka: mpiga kura anafunikwa na kura zenyewe zinafunuliwa. Karatasi isiyo na jina lazima ionekane tangu inapotoka sandukuni, ihesabiwe mbele ya mawakala, ifungwe, na ijulikane imelala wapi usiku. Hata nchi zenye sifa njema huteleza hapa. Australia mwaka 2013, katika uchaguzi wa Seneti wa jimbo la Australia Magharibi, viti viwili vya mwisho viliamuliwa na tofauti ya kura 14 katika hatua moja ya hesabu, na zilipohesabiwa upya tofauti ikageuka upande wa pili kwa kura 12. Katikati ya hesabu hizo mbili karatasi 1,370 zilipotea na hazikuonekana tena. Tume yenyewe ilikwenda mahakamani kuomba uchaguzi ufutwe, mkuu wa tume akajiuzulu, aliyewahi kuwa kamishna wa polisi wa taifa akapewa kazi ya kuchunguza na kuandika ripoti iliyosomwa na kila aliyetaka, na Aprili 2014 wananchi wa jimbo zima wakapiga kura upya. Sijui ni tume ngapi za uchaguzi zingekubali kuandika namba hiyo, 1,370, na kuitangaza. Mimi naiheshimu Australia kwa sababu ya kuitangaza kuliko ningeiheshimu kama karatasi zisingepotea na tusingejua chochote kuhusu ghala zao.

Bunge la sasa la Afrika Mashariki lilianza Desemba 2022, na muhula wake ni wa miaka mitano, kwa hiyo Bunge letu la Dodoma litachagua tena wajumbe tisa kabla ya mwisho wa mwaka 2027. Hakuna haja ya kusubiri katiba mpya wala seneti ili tuanze, maana Mkataba wenyewe unaliachia Bunge la kila nchi kupanga utaratibu wake, na kanuni za Bunge hurekebishwa na Bunge. Nimemwandikia mbunge wangu nikimwomba apeleke mapendekezo manne: majina ya waombaji wote na vyama vyao yatangazwe siku za kutosha kabla ya uchaguzi, wagombea wahojiwe katika kikao ambacho wananchi wanaweza kukifuatilia, kila kundi lichague watu wake kwa uwiano, na jina la kila mbunge pamoja na majina ya wote aliowapigia kura yaingizwe kwenye Taarifa Rasmi za Bunge siku hiyo hiyo, pamoja na kifungu kinachokataza chama kumwadhibu mbunge kwa kura hiyo. Nimemwomba pia anijibu kwa maandishi yeye mwenyewe aliwachagua akina nani mara ya mwisho, ikiwa alikuwemo bungeni, na kama hakuwemo, anieleze kama yuko tayari kuyataja majina hayo mbele ya watu wa jimbo lake zamu yake itakapofika.